Sura ya Tisa: Nailoni Kwenye Feni

Kompyuta ya Mhandisi Rihab ilikuwa chini ya meza, imesukumwa hadi ukutani, na ilibidi Meja Wagdi Sarhan apige magoti ili kuifikia. Suruali yake ilikuwa imetoka kwa dobi asubuhi ile ile. Alipiga magoti hivyo hivyo, akanung'unika, akaivuta.

"Ngoja nikusaidie, bwana mkubwa," alisema Sajini Bayoumi kutoka mlangoni, bila kusogea hata kidogo.

"Usijisumbue. Wewe endelea kuushikilia huo ukuta, usije ukatuangukia."

Mzaha ulimtoka kabla hajaufikiria, na papo hapo aliujutia. Katika Mtaa wa Sidi Hilali watu hawakuwa wakitania tena mambo ya kuanguka. Ng'ambo ya barabara tingatinga lilikuwa likichota kifusi cha jengo la ghorofa nane. Jengo hilo liliporomoka Jumanne ya wiki iliyopita, mchana kweupe, likaua watu kumi na wanne. Mwenye jengo alikuwa ametoroka, hajulikani alipo. Aliyekamatwa ni Rihab Abdelghaffar, binti wa miaka ishirini na sita, mhandisi mwajiriwa wa ofisi hii, kwa sababu mchoro uliopelekwa manispaa ulikuwa na jina lake. Mchoro huo ulionyesha ghorofa nane juu ya nguzo ambazo zisingebeba hata ghorofa sita.

Rihab alisema hakuchora ghorofa nane. Alichora tano, kwenye kompyuta hii hii. Kesho asubuhi angefikishwa mbele ya mwendesha mashtaka, na kama huyo bwana hatakuwa na kitu kingine mezani zaidi ya mchoro wa ghorofa nane, binti angepelekwa gereza la wanawake kusubiri kesi. Wagdi alikuwa ameshaona kesi za namna hiyo. Mwenye jengo hutafutwa wee mpaka watu wakasahau, na mwenye jina kwenye mchoro ndiye anayefungwa.

"Meja, haya tumeshayazungumza," alisema Kadri Zahran, mhandisi mwenye ofisi. Alikuwa mtu wa makamo, nywele kazipaka rangi nyeusi ti. Alikuwa ameagiza chai kwa ajili ya wageni wake, wageni wakaikataa, naye alikuwa akizinywa glasi zote mbili mwenyewe. "Kompyuta ilikuwa kongwe. Michoro ya siku hizi ni mizito, ukitaka kulizungusha jengo kwenye kioo, linaganda. Nikamwita fundi, akaweka kadi mpya ya picha. Akaweka na hifadhi mpya, maana diski ya zamani ilikuwa inakata roho. Hiyo ni wiki mbili kabla ya msiba. Risiti hiyo hapo, na tarehe yake. Kazi zilizookoka zikahamishwa, na mchoro wa Rihab ni mmojawapo. Ghorofa nane, jina lake. Sasa mimi nifanyeje?"

"Na diski ya zamani?"

"Ilikufa. Takataka."

"Binti aliifurahia kadi mpya?"

"Sana! Alikuwa akichora mbio mbio, hata chai hanywi. Aliniombea dua."

"Wiki mbili zote?"

"Kila siku iliyokuja, meja."

Wagdi alivaa glavu. Alikuwa na mwana aliyependa michezo ya kompyuta kuliko masomo, na kwa sababu ya ugonjwa huo wa mwanawe alikuwa ameshafungua makasha mengi kwenye meza ya chakula, mke akilalamika. Alianza na mgongo wa kasha. Waya wa kioo ulikuwa umechomekwa juu, kwenye tundu la zamani la bodi kuu. Matundu ya kadi mpya yalikuwa chini yake, na kila moja lilikuwa bado na kifuniko cha plastiki lililotoka nacho kiwandani.

Alifungua skrubu mbili, akaondoa ubavu wa kasha, akawasha tochi.

Kadi yenyewe ilikuwa kubwa, imejibana ndani ya kasha lile dogo la ofisi kama mgeni mnene kwenye kiti cha mtoto. Ilikuwa na feni mbili, na juu ya feni zote mbili kulikuwa na karatasi ya nailoni, safi, imenyooka, na ulimi wake wa kuvutia ukining'inia pembeni. Tundu la kupokelea umeme lilikuwa tupu.

"Bayoumi, piga picha. Karibu. Na hapa."

Kadri alicheka. "Nailoni? Meja, kwani wewe si mtu wa Iskandaria? Tazama humu ndani." Aliipiga migongo ya viti vya ofisi, na kila kimoja kilitoa sauti ya nailoni. Akanyanyua rimoti ya kiyoyozi, nayo imevikwa. "Sisi kitu kipya hatukivui nguo. Mpaka ichanike yenyewe."

"Hilo kweli, bwana mkubwa," Bayoumi alikubali. "Friji ya mama mkwe wangu ina nailoni tangu siku niliyoposa. Anayeigusa, anatolewa kwenye ukoo."

"Kwangu hata saa ya ukutani imevikwa," alisema Wagdi. "Lakini rimoti haizunguki, mhandisi. Hizi ni feni, na nailoni imezibana zote mbili. Kadi haikupewa umeme, tundu lake hili hapa. Kioo nacho kimechomekwa kwingine kabisa. Kadi hii haijafanya kazi hata dakika moja. Binti alikuombea dua kwa lipi?"

Kadri alimeza chai, ikamkwama, akakohoa. "Basi fundi ni mzembe," alisema alipopata pumzi. "Mimi ni mtu wa zege, waya sizijui. Rihab alisema mambo mazuri, nikaamini mambo mazuri. Mkamateni fundi."

Iliwezekana. Wagdi alilazimika kukiri moyoni kwamba iliwezekana, na lilimuudhi. Fundi mzembe si ushahidi wa chochote. Mji umejaa mafundi wazembe. Aliinama tena na tochi yake, safari hii akaitazama sakafu ya kasha, na hapo tochi haikusogea tena mpaka Bayoumi akaacha ukuta, akaja.

"Mhandisi," alisema Wagdi bila kuinua kichwa, "siku jengo lilipoanguka, vumbi liliingia humu ofisini?"

"Kuingia? Tulikuwa hatuonani! Nilifikiri nimeshakufa. Tumefuta meza siku ngapi sijui, na bado ukikaa unainuka mweupe."

"Kompyuta zilikuwa zimewashwa?"

"Zote. Tulikuwa kazini."

"Na ndani ya makasha mlifuta?"

"Nani anafuta ndani ya kompyuta, meja?"

"Hakuna," alisema Wagdi. "Hakuna mtu afutaye humo. Njoo uone."

Kadri hakwenda. Aliyeenda ni Bayoumi, akachuchumaa kando ya bosi wake. Ndani ya kasha kulikuwa na vumbi la aina mbili. La chini lilikuwa la siku zote, jeusi, limeganda kama manyoya ya paka. Juu yake, kila mahali, lilitanda vumbi jeupe, laini, vumbi la saruji na chokaa. Feni ya kompyuta ilikuwa imelivuta ndani siku ile pamoja na hewa. Lilikuwa juu ya bodi kuu, juu ya nyaya, ndani ya kila kona. Bayoumi alikuwa amewabeba watu waliofunikwa na vumbi lile. Alitoa leso akajifuta midomo.

"Bodi ni nyeupe," alisema Wagdi. "Nyaya nyeupe. Kadi mpya juu yake haina hata chembe. Kama ilikuwemo humu tangu wiki mbili kabla ya msiba, vumbi liliipitaje? Sasa tazama hapa chini."

Kwenye sakafu ya kasha, katikati ya weupe ule, kulikuwa na mstatili wa chuma kitupu, unang'aa, ukubwa wa kitabu kidogo cha sala. Kwenye pembe zake kulikuwa na matundu manne ya skrubu.

"Hapa ndipo diski ya zamani ilipokuwa imefungwa. Vumbi lilipoingia, liliikuta imekaa mahali pake, likatanda kuizunguka. Ikaja kutolewa baadaye. Diski iliyokata roho wiki mbili kabla ya msiba, mhandisi, siku ya msiba ilikuwa humu, inafanya kazi. Ulinunua kadi usiyoihitaji ili upate sababu ya kufungua kasha. Ulichotaka kukitoa ni diski."

Nje tingatinga lilimwaga mzigo wake kwenye lori. Kadri aliweka glasi chini. Halafu akatabasamu kidogo tu, na tabasamu hilo likaiharibu siku ya Wagdi.

"Haya, na iwe hivyo. Tarehe nimekosea. Lakini diski imevunjwa, meja. Vipande vipande. Muulize fundi Sherbini, soko la kompyuta, ghorofa ya pili. Hilo vumbi lako halina ghorofa tano ndani yake." Akavuta simu. "Sasa nitazungumza na wakili wangu."

Wagdi aliupima mstatili ule kwa rula ya Rihab mwenyewe, akaamuru kasha lifungwe na kutiwa lakiri. Kwenye ngazi Bayoumi alisema, "Huyu ametushika."

"Ametushika," alikubali Wagdi.

Kibanda cha Sherbini kilikuwa kati ya muuza vioo vya simu na msikiti mdogo wa wafanyabiashara. Mwenyewe alikuwa ameinamia bodi fulani, miwani puani, moshi wa risasi ya kulehemu ukimpanda usoni.

"Fundi Sherbini?"

"Kama umetumwa na mke wangu, sipo."

Wagdi aliweka kitambulisho juu ya bodi. Sherbini alikisoma, akavua miwani, akakisoma tena bila miwani.

"Ile risiti," alisema haraka, kabla hajaulizwa. "Aliniambia niandike tarehe ya nyuma, kwa ajili ya watu wa kodi. Bwana mkubwa, nusu ya soko hili inaandika tarehe ya nyuma. Ukitaka kutukamata sote, lete basi zima."

"Kazi uliifanya lini?"

"Alhamisi. Siku mbili baada ya... baada ya lile jambo. Nilipita kando ya kifusi na begi langu la vifaa, nikaona haya kama mwizi."

"Kadi mbona hukuipa umeme?"

"Umeme gani? Kompyuta ile ni ya ofisi, ya kuandikia barua. Kisanduku chake cha umeme ni kidogo, hakina hata waya wa kuilisha kadi ile. Nikamwambia, mhandisi, tubadili na kisanduku. Akasema, wewe iweke tu ikae. Iweke ikae! Kama picha ya marehemu babu. Nikasema huyu bwana ana lake jambo, lakini mteja ni mteja."

"Na nailoni?"

"Kadi haiwashwi, nivue nailoni kwa nini? Akirudiwa na akili airudishe dukani. Kitu kikiwa na nailoni yake kinarudishwa, hilo hata watoto wanajua."

Bayoumi alitikisa kichwa kukubali. Kwa jambo hilo alikuwa upande wa fundi.

"Na diski?" aliuliza Wagdi.

Hapo Sherbini alipunguza mwendo. "Niliivunja. Aliniambia nikaivunje kwa nyundo, nimletee vipande avione kwa macho yake. Nikaivunja hapa hapa, nikampelekea. Alivitazama, akanirudishia, akasema katupe mbali." Alichutama chini ya meza, akatoka na mfuko wa plastiki. "Sijavitupa bado. Hivi hapa."

Wagdi aliumwaga mfuko juu ya gazeti. Kifuniko cha chuma kilichobonyea. Vigae vidogo vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia. Alikichukua kifuniko, akakilaza kwenye kiganja chake, kikaishia katikati ya vidole. Kilikuwa ukubwa wa pakiti ya sigara.

Roho yake, iliyokuwa imekaa chini tangu Sidi Hilali, ilianza kusimama.

"Fundi, unanionaje mimi?"

"Vizuri, bwana mkubwa. Nakuona vizuri."

"Diski iliyotoka kwenye kasha lile imeacha alama yake kwenye vumbi. Nimeipima. Ni mara mbili ya hii. Na sahani ya ndani ya diski ya kompyuta ya mezani ni ya chuma, ukiipiga nyundo inapinda. Hii imepasuka, maana ni ya kioo. Umevunja diski ya laptop. Tena nadhani ilikuwa mbovu, umeitoa kwenye ile ndoo pale."

Kando ya mlango kulikuwa na ndoo iliyojaa diski zilizokufa. Sherbini aliitazama ndoo, akamtazama Bayoumi, akatazama dari. Hakuna kilichomsaidia.

"Diski nzima, bwana mkubwa!" alilipuka. "Nzima, haina hata kikohozi! Nivunje diski nzima kwa mkono wangu? Siku hizi mpya hazishikiki. Katika soko hili uliza yeyote, mtu akituambia vunja tunasema ndiyo bosi, halafu tunavunja mfu. Mhandisi mwenyewe vipande vikishakuwa vipande hajui hiki ni nini. Naapa sikujua kama ina mambo ya jengo."

"Iko wapi?"

"Nimekamatwa?"

"Inategemea iko wapi."

"Iko kwa Haji Mitwalli, muuza maini, karibu na kituo cha treni. Nilimfungia kamera. Diski za zamani zote ndiko zinakoenda, kwenye mashine za kurekodia kamera. Kazi nyepesi, zinamalizia maisha yao huko."

"Inarekodi tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Usiku na mchana?"

"Ndiyo kazi ya kamera." Sherbini alianza kuhesabu siku kwa vidole. Rangi ilimtoka usoni polepole, kwa kuwa sasa naye alikuwa amefika pale Wagdi alipokuwa amefika. "Inaandika juu ya vilivyokuwemo," alisema kwa sauti ndogo. "Ee Mola. Kila saa inakula."

"Chukua bisibisi," alisema Wagdi. "Twende."

Duka la Haji Mitwalli lilikuwa limefurika, watu wamesimama mpaka barabarani, kila mmoja na mkate wake wa maini, pilipili na vitunguu saumu. Wagdi alipenya kwa viwiko. Mashine ilikuwa juu ya friji, nyuma ya magunia ya mikate, taa yake ya kijani ikipepesa bila haraka yoyote.

"Unafanya nini wewe! Hicho ni changu!" Haji alipiga kelele kutoka kwenye sufuria.

"Polisi, haji."

"Polisi ndiyo mwizi siku hizi? Nimeweka kamera juzi kwa sababu ya wezi, na wa kwanza kuja ni serikali!"

Wateja walicheka. Wagdi aling'oa waya ukutani na taa ya kijani ikazimika. Hakuwa amewahi kuzima kitu kwa furaha kama ile. Sherbini alipanda juu ya kreti ya soda, akafungua mashine na kuitoa diski. Ilikuwa ukubwa wa kitabu kidogo cha sala. Ndani ya tundu moja la skrubu kulikuwa bado na vumbi jeupe, limeshindiliwa.

"Haji, utaletewa nyingine," alisema Wagdi.

"Lini?"

"Muulize fundi. Atakuwa na muda mwingi wa kukukumbuka."

"Angalau kula, mwanangu, umekuwa mweupe," Haji alisema, akamtilia mkate mkononi, na Wagdi akajikuta amesimama kati ya watu na diski mkono mmoja, maini mkono wa pili, asijue aanze na lipi.

Katika maabara ya makao makuu Luteni Hanan aliipokea diski, akafunga mlango. Wagdi alikaa kwenye benchi la korido. Alikunywa kahawa, akanywa nyingine. Bayoumi alisinzia, akaamka, akauliza kama tayari, akasinzia tena. Mchana uliisha, taa za korido zikawashwa.

Mlango ulifunguliwa. "Maini," alisema Hanan. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimewatazama watu wakila maini mpaka nimeshiba. Mashine ilifuta orodha yote ya mafaili kabla ya kuanza kurekodi, halafu ikaanza kula. Barua zimekwenda. Michoro mingi imekwenda. Lakini diski ilikuwa kubwa kuliko alivyohitaji haji, haijafika mwisho."

"Hanan, binti yangu, usinitese."

Aligeuza kioo chake kuelekea mlangoni. Mchoro ulikuwa umekatika sehemu ya chini, lakini uliobaki ulisomeka. Nguzo, msingi, na ngazi za ghorofa moja juu ya nyingine. Wagdi alizihesabu kwa kidole. Tano. Kwenye pambizo, kwa herufi nyekundu, mtu alikuwa ameandika: Msingi huu haubebi ghorofa ya sita. Chini yake lilikuwa jina la Rihab.

Bayoumi alimshukuru Mungu kwa sauti. Wagdi alishika fremu ya mlango. Alifurahi, tena sana, na hakujali nani anamwona.

Jioni, kwenye ngazi za kituo cha polisi, mama yake Rihab alikuwa ameketi na sufuria iliyofungwa kwa taulo mapajani. Alikuwa akija kila siku na chakula. Alipomwona Wagdi alisimama.

"Kuna habari, mwanangu?"

"Ziko habari njema, mama. Subiri kidogo tu hapo."

Mama alilibusu taulo la sufuria, kwa kukosa kitu kingine cha kubusu.

Rihab aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la mtu mwingine. Wagdi alimwambia yote kwa kifupi: kadi, nailoni, vumbi, diski ya muuza maini, mchoro. Alimwonyesha nakala. Amri ya kumkamata Kadri ilikuwa imeshaombwa. "Kesho mbele ya mwendesha mashtaka nitaweka hii mezani. Utalala kwenu. Nahitaji tu maelezo mafupi, kwamba mchoro huu ni wako. Saini hapa."

Rihab aliitazama nakala. Alisoma maneno mekundu kwa midomo, kimya kimya. Hakuichukua kalamu.

"Kuna swali hujaniuliza, meja."

"Sina swali lingine."

"Hapa nimeandika kwamba msingi haubebi ya sita. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Na walijenga ya sita. Wakajenga ya saba. Wakajenga ya nane. Ofisi yetu iko wapi?"

Wagdi alilikumbuka tingatinga, ng'ambo ya barabara. Bayoumi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangalia viatu vyake.

"Binti yangu," alisema Wagdi hatimaye, "sikiliza vizuri. Ulichora sawasawa. Wengine waliubadilisha mchoro wako, wakaweka jina lako juu ya uongo. Hilo ndilo linaloulizwa kesho. Ukianza kuongeza mambo kwenye karatasi hii, mwendesha mashtaka atakuambia ulijua na hukutoa taarifa, watu wakafa. Hutalala kwenu. Huenda usilale kwenu kwa miaka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mama yako yuko nje. Amekuletea chakula."

"Najua. Anapika kila siku, na kila siku nashindwa kumeza." Aliweka viganja vyake juu ya meza. "Nilimwambia Mhandisi Kadri. Akasema mchoro si mchoro wako tu, ni wa ofisi, kama hupendi mlango uko wazi. Nikakaa. Nilifikiri watasimama kwenye ya sita. Halafu nikafikiri, wahandisi huwa tunazidisha tahadhari, labda itabeba. Walipohamia watu, nikaacha kabisa kufikiri. Niulize, meja. Nikiulizwa na wewe nitajibu. Nikitoka humu bila kuulizwa, hakuna mtu atakayeniuliza tena."

Hakuna sheria iliyomlazimisha Wagdi kuuliza. Karatasi iliyokuwa mbele yake ilitosha kwa kesi, na ilitosha kwake pia. Angeweza kuinuka, kumwita mama, na kesho kuwa mtu aliyemwokoa binti wa watu. Alilitaka hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu katika kazi hii. Aliivuta karatasi nyingine, safi, akaandika jina la binti juu yake.

"Mhandisi Rihab Abdelghaffar," alisema. "Nondo za ghorofa ya sita zilipopandishwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Chini yake," alisema. "Nilikuwa nanunua mkate. Niliinua macho, nikaziona, nikavuka barabara nikaenda kazini."

Wagdi aliandika neno kwa neno. Alipofika mwisho wa sentensi alimtazama Bayoumi, na Bayoumi akatoka nje kumwambia mama asisubiri.